Kola Nyeupe: Kuisoma Picha ya Afisa Mwanafunzi wa Kyela

Mwezi wa nane mwaka jana shangazi alinipigia simu kutoka Ipinda. Kwa kawaida simu zake huanza na habari za mchele, zikaja za mvua, ndipo tufike kwenye shida. Siku hiyo aliruka yote.

"Mwanangu, wewe si ndiye mwandishi wa habari wa ukoo huu? Basi njoo utuamulie. Fundi anasubiri maneno."

Fundi alikuwa anajengea kaburi la baba yake shangazi, ambaye kwangu mimi ni babu mdogo. Alifariki mwaka 1987, na kaburi lake lilikuwa tuta la udongo lililozungushiwa matofali, ambalo kila masika maji yanalila kidogo. Sasa watoto wamechangishana, vigae vimenunuliwa, na limebaki jiwe la kichwani. Shangazi alitaka liandikwe KAPTENI, halafu jina. Baba yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Mbeya kusimamia, akakataa. Cheo cha jeshi, alisema, si jina la ubatizo kwamba ukoo unaweza kukaa chini ya mwembe ukapeana.

Pande zote mbili zilikuwa na ushahidi mmoja: picha iliyotundikwa sebuleni kwa shangazi tangu mimi sijazaliwa.

Nimeijua picha hiyo maisha yangu yote, na siku ile niligundua kwamba sijawahi kuitazama. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kadi ya posta. Kijana wa miaka ishirini na kitu amesimama mbele ya pazia, amevaa koti la kijeshi lenye mifuko minne, tai, na kofia ngumu yenye ukingo mbele. Mkono mmoja umeshika kijiti cha paredi. Hacheki. Unyevu wa Kyela umeishambulia pembeni, na sehemu ya chini imegandana na kioo cha fremu.

Hadithi iliyokuja na picha hiyo sote tuliijua. Babu mdogo alisomea uafisa Monduli, akawa Kapteni, akapigana vita vya Kagera, kisha akarudi nyumbani kufanya kazi bandarini Itungi. Kijiji kizima kilimwita Kapteni. Hata watoto wa shule waliomwamkia njiani walisema "Shikamoo Kapteni".

Kabla sijapanda basi, binamu yangu mmoja alizidi kulikoroga. Aliipiga picha ile kwa simu, akaipitisha kwenye programu ya kutia rangi picha za zamani, akairusha kwenye kundi la familia la WhatsApp. Ilipendeza, sikatai. Ngozi ikawa ya maji ya kunde, koti likawa kaki, na vile vipande viwili vya kitambaa vilivyoshonwa kolani, kimoja kila upande, vikatoka vyekundu. Mjomba mmoja aliyestaafu jeshi akaandika mara moja: "Kola nyekundu hiyo ni kuanzia Kanali kwenda juu. Huyu mzee mlikuwa hamumjui."

Kwa hiyo nilipofika Ipinda, marehemu mmoja alikuwa na vyeo vitatu. Kwa shangazi alikuwa Kapteni, kwenye WhatsApp Kanali au zaidi, na kwa baba yangu hakuwa chochote.

*

Sikuwa mtaalamu wa sare za kijeshi, na sasa si mtaalamu pia. Ila nimefanya kazi ya habari kwa miaka kumi na kidogo, na kazi hiyo inafundisha jambo moja: kabla ya kuuliza picha inamaanisha nini, uliza ndani yake kuna nini. Nilijizoeza kwanza kwa picha nyingine, zile za majeshi yaliyopita hapa hapa ufukweni kwetu. Ukiweza kuwatofautisha askari wa mwaka 1914, kijana wa babu yako hatakushinda.

Watu wengi wanadhani Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ya huko Ulaya, sisi tukaisikia kwa mbali. Kumbe ziwa letu lilikuwa na vita vyake tangu wiki za mwanzo. Agosti 13, 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliifuata meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann huko Sphinxhafen, yaani Liuli ya leo, ikaifyatulia risasi ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Septemba 9 mwaka huo huo askari wa Kijerumani waliovuka mto Songwe kutoka upande wetu walipambana na jeshi la King's African Rifles, KAR, huko Karonga. Mnamo Mei 1916 Waingereza waliingia Neu-Langenburg, mji ambao leo ukipanda kutoka Kyela unauita Tukuyu.

Askari Waafrika wa pande zote mbili walivaa kaki, na kwenye picha za wakati ule ni rahisi kuwachanganya. Ndipo vitu vidogo vinapoanza kusema. Askari wa Mjerumani alivaa tarbushi ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kaki chenye mkia wa kukinga shingo, na mbele yake beji ya tai, yule ndege. Askari wa KAR alivaa kikofia kifupi cha duara, nacho kimefunikwa kaki na kina mkia wa shingo. Kwa hiyo usitafute mkia, maana wote wanao. Pima urefu wa kofia, halafu shuka miguuni. Askari wa Mjerumani kwa kawaida alikuwa na buti na vitambaa vilivyozungushwa hadi chini ya goti. Wa KAR miaka ile mara nyingi alikuwa peku au na ndala za ngozi. Tai wa beji anaweza kufutika kwenye picha iliyochakaa, lakini mguu mtupu hubaki mguu mtupu.

Somo jingine nililolipata hapo lilikuwa la rangi. Sahani za kioo na filamu nyingi za zama zile hazikuwa zinaiona rangi nyekundu. Kitu chekundu kilitoka cheusi kabisa. Tarbushi nyekundu kwenye picha ya mwaka 1910 ni nyeusi tii, na mtu asiyejua ataapa ilikuwa nyeusi. Baadaye filamu zikaboreshwa, nyekundu ikawa inatoka kijivu cha wastani. Lakini si kwenye filamu za zamani wala za baadaye ambako nguo nyekundu hutoka nyeupe kuliko meno ya mtu.

Kwa somo hilo nilirudi kwa babu mdogo.

*

Nilimwomba shangazi ruhusa ya kuishusha picha ukutani. Alisita, kwa sababu niliyoielewa baadaye. Agosti 2023 JWTZ lilipotoa siku 7 kwa raia wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo kuyasalimisha, jirani alimtisha kwamba hata picha ni kosa. Tangazo lilihusu nguo, si picha, lakini shangazi aliificha chini ya godoro muda mrefu, na unyevu ukapata nafasi ya kumalizia kazi. Nilimweleza taratibu, akanikabidhi mwenyewe kwa mikono miwili.

Niliiweka mezani, mlango wazi, mwanga wa saa nne asubuhi ukiingia kutoka upande wa Milima ya Livingstone, nikaisoma kwa lenzi ya kukuzia.

Nilianza na mabega. Katika majeshi yaliyorithi desturi ya Waingereza, na letu ni mojawapo, cheo cha afisa hukaa begani. Luteni Usu ana nyota 1, Luteni ana 2, Kapteni ana 3. Mabega ya babu mdogo yalikuwa matupu. Si kwamba hayaonekani; yanaonekana vizuri, mpaka kifungo cha begani kinang'aa. Nyota hakuna. Kapteni akaanguka hapo hapo, ingawa sikusema kwa sauti.

Nikashuka mikononi. Askari wa kawaida anayepanda cheo huvaa V mkononi: moja ni Koplo Usu, mbili ni Koplo, tatu ni Sajini. Mikono ya koti ilikuwa mitupu pia. Shangazi aliyekuwa amesimama nyuma yangu akauliza, "Kwa hiyo alikuwa kuruta tu?" Nikamwambia subiri, shangazi.

Kwa sababu kulikuwa na kola. Vile vipande viwili vilivyotiwa wekundu na programu ya binamu yangu havikuwa vyekundu hata kidogo. Kwenye karatasi yenyewe vilikuwa sehemu nyeupe kuliko zote, nyeupe kuliko shati lililochungulia kwenye tai, nyeupe sawa na ukingo wa karatasi ambao haukupata picha kabisa. Wekundu usingetoka hivyo kwenye filamu yoyote. Programu ilibahatisha. Imelishwa picha nyingi za majenerali wenye kola nyekundu, ikaona kipande kolani, ikakijaza rangi iliyoizoea. Mjomba naye hakukosea kuhusu desturi: kola nyekundu ni ya Kanali na walio juu yake. Kosa lake lilikuwa kuiamini rangi iliyotiwa juzi.

Kola nyeupe ina maana yake kamili. Katika desturi hiyo hiyo ya Kiingereza, kipande cheupe kila upande wa kola ni alama ya mtu anayesomea uafisa na hajatunukiwa kamisheni. Si askari wa kawaida, ndiyo maana hana V. Si afisa, ndiyo maana hana nyota. Kwa Kiswahili cha jeshi letu ana jina zuri: afisa mwanafunzi.

Nilipolitamka jina hilo, baba yangu aliyekuwa amekaa pembeni akijifanya anasoma gazeti akaliteremsha gazeti.

*

Ikabaki kujua lini na wapi. Shangazi alisema Monduli, na hakuna Mtanzania asiyejua Monduli. Shule ya maafisa wanafunzi ilianza Mgulani, Dar es Salaam, mwaka 1969, ikahamia Monduli mwaka 1976. Wasomi wengi wa kizazi kile walipita pale, Rais mstaafu Jakaya Kikwete akiwa mmoja wao, muda mfupi baada ya kumaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975. Ukisema "alisoma Monduli" kila mtu anaelewa, na nadhani ndiyo sababu hadithi ya familia ilikimbilia huko.

Lakini kofia ilikataa. Beji yake imefifia, maandishi hayasomeki, ila juu yake kuna umbo moja lisilokosewa: taji. Jeshi la Wananchi wa Tanzania halivai taji la mtu. Picha yenye taji kofiani si ya Monduli wala ya Mgulani.

Taji lenyewe lina umri wake. Mpaka alipofariki Mfalme George wa Sita mwaka 1952, taji kwenye beji za Kiingereza lilichorwa na matao yaliyopanda juu kama mgongo wa kobe. Malkia Elizabeth alipovishwa taji mwaka 1953 mchoro ukabadilika, matao yakawa na bonde katikati. Wakusanyaji wa beji duniani kote hutumia bonde hilo kutenganisha zama mbili. Kwenye kofia ya babu mdogo, chini ya lenzi, matao yana bonde. Kwa hiyo ni baada ya 1953.

Shangazi akaleta wazo lingine: labda ni JKT, ile ya mujibu wa sheria. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na wasomi walianza kulazimishwa kwenda baada ya mgogoro mkubwa. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo kupinga masharti ya utumishi huo, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Huwa naiwaza sana siku ile kwa sababu ya nguo: vijana ndani ya majoho wakikataa magwanda. Lakini babu mdogo hakuwa miongoni mwao. JKT ni jeshi la taifa huru, halikuwa na haja ya taji la Malkia, na kuruta wa JKT havai kola ya afisa mwanafunzi.

Tukawa tumebaki na kijana wa Kitanganyika aliyevaa alama ya afisa mwanafunzi chini ya taji la Malkia, baada ya 1953. Kipindi hicho hakikuwa na watu wengi wa namna hiyo. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, kikosi cha 6 cha KAR kilibadilishwa jina kikawa Tanganyika Rifles, lakini maafisa wake wengi walibaki Waingereza, na Waafrika wachache waliosomea uafisa walikuwa wamepelekwa Uingereza. Mmoja wao sote tunamjua: Luteni Alexander Nyirenda, aliyesomea Sandhurst, ndiye aliyepandisha bendera na mwenge kileleni Kilimanjaro usiku wa uhuru. Nyirenda ni jina la Kitumbuka, la huko ng'ambo ya Songwe, ambako sisi watu wa Kyela tunaenda gulioni na kurudi jioni. Mwingine ni Mrisho Sarakikya, naye wa Sandhurst, aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa JWTZ. Baada ya uhuru Serikali iliharakisha. Vijana waliomaliza shule walichaguliwa, wakapelekwa Sandhurst, au Mons kule Aldershot kwenye kozi fupi.

Babu mdogo alisoma Malangali. Hilo halina ubishi, cheti kipo.

Ndipo nikaomba jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: kuitoa picha kwenye fremu. Nililoweka kitambaa, nikalainisha pembeni kidogo kidogo, nikiacha ile sehemu iliyogandana na kioo ibaki na kioo chake. Ilichukua karibu saa nzima. Sehemu ya juu ilipoinuka, nikaigeuza na kuchungulia mgongo wake. Kulikuwa na mwandiko wa kalamu ya wino, wino uliogeuka kahawia:

*England, Nov. 1963. Kwa mama.*

Shangazi alikaa kwenye mkeka. Alikuwa na miaka sitini na ushee, na alikuwa akiona mwandiko wa baba yake wa ujanani kwa mara ya kwanza.

*

Kama wewe ni mpenzi wa historia ya nchi hii, tarehe hiyo imeshakustua. Novemba 1963. Miezi miwili baadaye, Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, wakawakamata maafisa wao Waingereza. Kesho yake kikosi cha Tabora kikafuata. Walitaka mambo mawili makubwa: mishahara, na maafisa Waafrika mahali pa Waingereza. Januari 25 makomandoo wa Kiingereza kutoka meli HMS Centaur waliingia Colito kwa ombi la Mwalimu na kuyazima maasi. Tanganyika Rifles ikavunjwa. Kikosi cha Nijeria kikaja kushika ulinzi wakati jeshi jipya linaundwa, vijana wa TANU wakaandikishwa, na Septemba 1, 1964 ikazaliwa JWTZ.

Sasa irudie ile picha. Kijana yule mwenye kola nyeupe alikuwa ndiye jibu la dai la askari wale. Walikuwa wanapiga kelele Colito kwamba wanataka afisa Mwafrika, na afisa Mwafrika yupo, yuko kwenye baridi ya Uingereza amesimama mbele ya pazia, bado ni mwanafunzi. Alichelewa kwa miezi. Aliporudi, jeshi lililomtuma halikuwepo.

Wapo waliorudi wakaingia jeshi jipya na kupanda. Yeye hakuingia. Mzee mmoja wa rika lake, wa Ipinda, niliyepelekwa kumsalimia jioni ile, alinisimulia alivyomwona akishuka kwenye lori la mizigo mwaka ule wa 1964. "Alikuwa na viatu vya ngozi vizuri sana," alisema. "Tukamuuliza, jeshi vipi? Akasema limekwisha. Tukacheka, tukidhani ni utani. Jeshi linakwishaje?" Mzee alinyamaza kidogo. "Siku zile ukisema ulikuwa na jeshi la zamani, watu wanakuangalia. Akaacha kusema."

Nikamuuliza kuhusu Kagera.

"Kagera ipi? Mwaka 1979 alikuwa Itungi anahesabu magunia ya mchele. Nilikuwa namwona kila siku."

Na hilo jina la Kapteni?

Mzee akanitazama kama mtu anayetazama mtoto wa mjini. "Si alikuwa bandarini? Alikuwa anapanda boti na wale mabwana wa meli, anavaa ile kofia yao nyeupe. Vijana wa bandarini wakaanza, Kapteni, Kapteni. Kapteni wa ziwa, siyo wa bunduki."

Hapo kila kitu kilikaa mahali pake. Jina lilitoka ziwani, picha ilitoka Uingereza, na Kagera ilitoka redioni, kwa sababu ndiyo vita ambayo kizazi chetu kilikua kikiisikia. Ukoo ulivichukua vipande hivyo vitatu ukavishona vikawa koti moja. Hakuna aliyedanganya. Watoto walisikia baba anaitwa Kapteni, wakaona ukutani baba kavaa kijeshi, wakajumlisha. Naye baba aliyeacha kusema hakuwasahihisha.

Nakiri kwamba nilirudi nyumbani kwa shangazi usiku ule nikiwa na mzigo. Ni jambo zuri kugundua ukweli, lakini si jepesi kumwambia mwanamke wa makamo kwamba baba yake hakuwa Kapteni, hakwenda Kagera, na hakuwahi kuvaa nyota. Nilimsimulia kwa kufuata mpangilio wa picha yenyewe: mabega, mikono, kola, kofia, mgongo. Baba yangu alisikiliza. Nilitegemea atasema "niliwaambia". Hakusema.

Shangazi aliuliza swali moja tu: "Hao waliopelekwa Uingereza kutoka huku kwetu walikuwa wangapi?"

Nikamwambia wachache. Kutoka nchi nzima walikuwa wachache.

"Makapteni je?"

Tangu JWTZ ianze? Wengi sana, shangazi. Hawahesabiki.

Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema fundi aje asubuhi.

*

Najua baadhi yenu mnaosoma hapa mna picha kama hii nyumbani. Babu mwenye kofia, mjomba mwenye mkanda, mtu asiyejulikana kati ya watu kumi waliopanga mstari. Niliyojifunza Ipinda nayaacha hapa kwa faida ya mwingine.

Itoe picha kwenye fremu kabla hujaamini hadithi yake, na uipige picha pande zote mbili. Ikiwa imegandana na kioo usiivute. Iache na kioo. Usiipeleke kutiwa plastiki ya moto, maana unyevu utafungiwa humo humo na mgongo hautasomeka tena. Usikate pembeni ili itoshe kwenye fremu mpya: ukingo mweupe ndio ulionipa kipimo cha weupe wa kola. Hakikisha haijachapwa kinyume; koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto juu ya kulia, na utepe wa medali hukaa kifua cha kushoto. Kama binamu anataka kutia rangi, atie, lakini ile ya awali itunzwe, na kila anayetumiwa aambiwe rangi zile ni za kubahatisha. Kisha soma kwa utaratibu: begani, mkononi, kolani, kichwani, miguuni. Andika unachokiona kabla ya kuandika unachokijua.

La mwisho, katafute mzee wa rika lake. Sare iliniambia kijana yule alikuwa nani Novemba 1963. Haikuweza kuniambia kwamba alishuka kwenye lori mwaka uliofuata akiwa na viatu vizuri na bila jeshi. Hilo lilikuwa kwa mzee mmoja tu, na wazee wa Ipinda wanapungua.

Fundi alikuja saa moja asubuhi. Shangazi alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi ya daftari, akamkabidhi, akamsomea mara mbili ili asikosee. Jina kamili. Miaka ya kuzaliwa na kufa. Chini yake: AFISA MWANAFUNZI, 1963. Fundi akahesabu herufi kwa kidole, akasema mama, haya ni mengi kuliko Kapteni, itabidi aongeze elfu kumi.

Baba yangu akatoa yeye.